Wasomaji Wanauliza: pH ni 7, mbona mawe ya kijito yana kutu?

Swali: Wataalamu, salaam. Ninasoma hapa Dodoma, lakini nyumbani ni Mbinga, mkoani Ruvuma, na kijiji chetu kiko chini ya machimbo ya makaa ya mawe. Kamati yetu ya maji ilichanga ikanunua kipima pH (kipimo cha asidi) cha mkononi. Miezi mitatu sasa kinasoma kati ya 7.1 na 7.3, na tunaambiwa basi maji ni salama. Lakini mawe ya kijito yamevaa utando wa rangi ya chungwa, na kaa hawaonekani tena. Tupime nini?
*Msomaji, Makole, Dodoma*

Jibu: Ndugu msomaji, huenda kipima chenu hakijakosea, ila pH peke yake haitoshi kuuondolea mgodi lawama.

Ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka huwa kuna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Yakichimbuliwa yakapata hewa na maji, hutoa asidi, chuma na salfeti, yaani chumvi ya salfa. Miamba ya eneo ikiwa na chokaa, asidi inazimwa na pH inarudi 7, isiyo na asidi. Chuma nacho kinaganda na kukaa juu ya mawe. Huo ndio utando mnaouona. Hufunika chakula na makazi ya wadudu wa majini, hata maji yakionekana meupe. Salfeti haigandi kirahisi hivyo, inaendelea na safari. Manganizi, metali nyingine, pia hubaki majini kwenye pH hiyo.

Kwa hiyo nunueni kipima upitishaji umeme wa maji, kinachosoma maikrosimensi kwa sentimita. Chumvi za mgodi hupandisha namba hiyo hata pH ikiwa imetulia. Kabla ya kwenda kijitoni kihakikisheni kwa kimiminika cha kulinganishia cha maikrosimensi 1,413, na kile cha pH kwa vimiminika vya pH 4 na 7. Kipima cha pH kisihifadhiwe ndani ya maji ya distila, maana ncha yake huharibika. Tumieni kimiminika chake cha kuhifadhia. Pimeni palepale kijitoni. Maji yakikaa kwenye chupa hadi nyumbani, gesi hutoka, chuma huganda, na pH inakuwa nyingine.

Chagueni sehemu tatu za kijito: ya kwanza upande wa juu wa mgodi, tena juu ya barabara na malundo yake yote; ya pili mahali maji ya mgodi yanapotoka; ya tatu chini, yakishachanganyika vizuri. Zote siku moja. Anzieni chini mkipanda juu, msije mkatibua tope mtakalolichota baadaye. Msomo wa chini bila wa juu hauthibitishi lolote, na hapa ndipo kamati nyingi hushindwa hoja.

Sampuli za maabara zinahitaji chupa mbili za plastiki kila sehemu. Ya salfeti isuuzeni mara tatu kwa maji ya kijito, mdomo ukielekea maji yanakotoka, kisha iwekwe kwenye deli lenye barafu. Ya metali huja na asidi ya nitriki kutoka maabara: hiyo msiisuuze wala kuifurisha, na vaeni glavu. Bila asidi, chuma hung'ang'ania ukuta wa chupa na jibu linashuka. Mkitia maji ya tope bila kuyachuja, asidi inayeyusha metali zilizo kwenye tope na jibu linapanda. Ulizeni chujio la mikroni 0.45, na mwandike kwenye fomu kama mmechuja.

Pimeni pia wingi wa maji. Rusheni chungwa kijitoni, mhesabu sekunde linazotumia kwa mita 10, mara tatu, mchukue wastani. Mfano: sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kijito cha upana wa mita 1.2 na kina cha wastani cha mita 0.15 kinapitisha lita 61 hivi kwa sekunde. Salfeti ikiwa miligramu 180 kwa lita, hizo ni karibu kilo 950 kwa siku. Bila hesabu hii, mvua ikiyazimua maji mtadhani mgodi umejirekebisha.

Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha. Mvua za kwanza msizikose: chumvi zilizokauka kwenye malundo huoshwa zote kwa mkupuo. Tarehe, saa, picha na sahihi za watu wawili ziwe kwenye daftari, kisha nakala iende Bodi ya Maji ya bonde lenu na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira.

Swali: Kisima chetu Bahi kimesoma maikrosimensi 2,600 kwa kipima upitishaji umeme. Hakuna mgodi karibu. Nani katuchafulia?
*Msomaji, Bahi*

Jibu: Huenda hakuna aliyewachafulia. Maji ya Bahi hayana njia ya kwenda baharini. Jua linayakausha na chumvi inabaki. Ombeni maabara ipime kloridi, naitreti na floraidi. Naitreti ikiwa juu, angalieni vyoo na mazizi. Kwa floraidi, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi: maji yanapungua, floraidi inabaki sufuriani.