Kabla ya kununua programu ya kliniki, panga faili kwanza

Ndugu uliyeuliza ununue programu gani ya rekodi za wagonjwa kwa kliniki yako ya Umoja, hilo liweke kando kidogo. Nimesimamia kliniki huku Eastlands, Nairobi, tukihama kutoka karatasi kwenda kompyuta, na kazi nzito iko kabla ya kompyuta kuwashwa.

Kaa mapokezi asubuhi moja, umfuate mgonjwa hadi anapotoka: presha na uzito, daktari, maabara, daktari tena, keshia, famasia. Angalia jina lake linaandikwa na nani, na wapi. Kwetu kila dirisha lilikuwa na daftari lake; mgonjwa aliyeandikwa Mary Wanjiku pale mapokezi alikuwa Wanjiku M. kule maabara. Watoto ndio kazi zaidi: hawana kitambulisho, leo wameletwa na mama, kesho na shangazi, na nambari ya simu ni ya yeyote aliyewaleta. Tulimpa kila mgonjwa nambari moja ya kudumu, na hakuna faili mpya inayofunguliwa kabla ya kuuliza tarehe ya kuzaliwa na kutafuta kwanza. Mtu asiyepatana na penisilini akiwa na faili mbili, na onyo liko kwenye ile ambayo daktari hakuifungua, anaweza kufa.

Faili za zamani usiziingize zote. Anza na wa presha na kisukari wanaorudi kila mwezi. Wengine waingizwe siku wakija.

Stima itapotea foleni ikiwa imejaa. Weka fomu za karatasi tayari, na mtu anayejulikana atakayeziingiza stima ikirudi.

Kisha sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kliniki hata ikiwa ndogo inapaswa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Tafadhali msitumie moja nyote.

Sasa ndipo uite wauzaji. Waulize kama programu yao inashughulikia madai ya SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Waandike pia kwenye mkataba kwamba mkiachana utapewa data zako zote, zikiwa katika hali inayofunguka kwingine. Mafunzo wasiyafanye mchana tu, maana muuguzi wa usiku huwa peke yake na mgonjwa.