Maua ya Mezani: Maswali Yenu na Majibu

Wiki hii nimechagua barua zinazohusu maua yaliyokatwa. Wengi mnatoa pesa nzuri kwa shada, kisha linanyauka kabla ya Jumapili. Inauma, na mara nyingi inazuilika.

Nilinunua mawaridi kando ya barabara Nairobi. Siku ya pili yakainamisha shingo yangali tumba. Je, niliuziwa maua ya zamani? (Msomaji, Kitengela)

Huenda hayakuwa ya zamani. Yalikuwa na kiu. Waridi la Naivasha linaloenda ng'ambo huingizwa kwenye chumba cha baridi mara tu baada ya kukatwa, hupanda ndege, huuzwa mnadani Aalsmeer, Uholanzi, na bado hukaa mezani kwa mtu wiki nzima au zaidi. Lako lilisimama juani. Shina lililokatwa likikaa nje ya maji huvuta hewa, na hewa hiyo huziba vijia vinavyopandisha maji. Kisha bakteria wa chombo kichafu huziba vile vilivyosalia. Chombo kimejaa pomoni, na ua linakufa kwa kiu.

Usiyatupe. Jaza maji kwenye beseni, zamisha miisho ya mashina, uikate humo humo ndani ya maji kwa mshazari, sentimita 2 au 3. Tumia kisu kikali, kwa sababu mkasi butu huponda shina badala ya kulikata. Viringisha maua kwenye gazeti, shingo zikiwa zimenyooka, uyasimamishe kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yanayofika karibu na shingo. Yaache kivulini saa mbili tatu. Mengi huamka. Ambalo shingo yake bado inalegea baada ya hapo limeshindikana.

Halafu kuna hicho chombo chenyewe, na hapa nawasihi nyote mnisikilize. Pitisha kidole ndani ya chombo mlichotumia mara ya mwisho. Ule utelezi ni bakteria, wanangoja shada jipya. Kioshe kwa sabuni na maji moto kama unavyoosha chupa ya maziwa ya mtoto. Ng'oa kila jani litakalozama, maana likioza linalisha bakteria hao hao. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila ukibadilisha punguza shina kidogo. Ukifanya hayo tu, utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Je, ni kweli kwamba sukari, aspirini, sarafu au Jiki hurefusha maisha ya maua? (Msomaji, Arusha)

Sarafu na aspirini achana nazo, sijaziona zikisaidia. Sukari ni chakula cha ua kweli, ila ukiitia peke yake umewaandalia bakteria karamu na maji yatanuka haraka. Lazima iende na kitu cha kuwazuia. Kwa lita 1 ya maji tia kijiko kimoja cha mezani cha sukari, viwili vya maji ya limau, na robo kijiko cha chai cha Jiki isiyo na manukato. Limau hufanya maji yawe na asidi kidogo, na maji ya namna hiyo hupanda shinani kwa urahisi zaidi. Anza na maji, ukoroge sukari na limau, Jiki iwe ya mwisho. Usikutanishe Jiki na limau vikiwa vitupu bila maji, maana hutoa hewa yenye sumu. Kama shada limekuja na kipakiti chake cha unga, tumia hicho, ukifuata kipimo kilichoandikwa.

Kaneshoni zangu zimejikunja kama zinalala, na maji ni masafi. Nimeziweka katikati ya meza ya chakula. (Msomaji, Nakuru)

Kuna bakuli la matunda hapo karibu? Ndizi, embe na parachichi zikiiva hutoa gesi ya etilini, nayo huzeesha maua. Kaneshoni ni miongoni mwa zinazoathirika mapema kabisa. Tenganisha viwili hivyo.

Binti yetu anaolewa Tanga mwezi ujao. Asumini za vikuba (vile vishada vya kunukia vya asumini, rehani na mlangilangi) tuzihifadhije zisigeuke rangi kabla ya usiku? (Mama wa bibi harusi)

Hongera sana, mama. Asumini hufunguka giza linapoingia, kwa hiyo chumeni tumba alasiri, zile nene zilizokwisha kuwa nyeupe lakini bado zimefumba. Zenye ukijani ziacheni mtini. Zitandazeni juu ya kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa kikakamuliwa sana, mfunike, mziweke kwenye friji mbali na sehemu ya kugandisha. Msizinyunyizie maji, kwa sababu tone likituama juu ya petali huacha alama ya kahawia.

Rehani isiingie friji kabisa, baridi huitia weusi. Isimamisheni kwenye glasi ya maji jikoni. Mlangilangi nao hauvumilii kushikwashikwa, uguseni mara moja tu. Kufunga vikuba kuwe kazi ya mwisho, bibi harusi akiwa anavishwa.

Maua ya lili yamechafua kitambaa changu cha meza kwa unga wa rangi ya machungwa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni chavua. Usisugue wala usitie maji. Bandika selotepu juu yake uivute, rudia mpaka iishe. Safari ijayo ng'oa vile vijiti vyenye chavua mara ua linapofunguka. Na kama nyumbani kuna paka, lili zisiingie ndani kamwe: chavua, majani, hata maji ya chombo chake huweza kuua figo za paka.

Nakata maua ya bustanini kwangu lakini hayadumu. Nikate saa ngapi? (Msomaji, Moshi)

Alfajiri, shina likiwa limejaa maji ya usiku. Nenda bustanini na ndoo ya maji mkononi, kila shina liingie humo papo hapo. Haibiskasi usiisumbukie, aina nyingi ua lake ni la siku moja, ndani ya maji au nje. Maua yenye utomvu mweupe, kama poinsetia, yachovye ncha kwenye maji yaliyochemka kwa sekunde chache utomvu usite, ndipo uyapange. Vaa glavu, na usijiguse macho mpaka umenawa.