Mtambo umelala njiani, gharama ni za nani?

Swali: Nina lobedi moja, trela ya sakafu ya chini ya kubebea mitambo, hapa Malindi. Mteja alinipa kazi ya kutoa ekskaveta, mtambo wa kuchimbia, wa tani 30 Mombasa hadi timbo lake la mawe karibu na Hindi, Lamu. Tulizuiwa mizani, tukakosa msafara wa polisi Garsen, na tulipofika tukakuta timbo limefungwa. Tulipatana bei moja ya safari nzima, na sasa anakataa kulipa hata senti ya siku za kulala. Nifanyeje, na nijikinge vipi safari ijayo? – Mama mwenye lobedi, Malindi

Jibu: Mama, zitenganishe siku hizo kabla hujampigia tena simu, maana si zote ni deni lake.

Ya mizani ni yako. Kwa sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, kichwa cha ekseli tatu kikivuta trela ya ekseli tatu mwisho wake ni tani 50: 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za kuvuta, 24 nyuma. Tuseme kichwa kina tani 9, lobedi 12 na mtambo 30. Umeshafika 51 na hata hujatia mafuta. Ndoo ya kuchimbia ya mtambo wa ukubwa huo peke yake hupita tani moja; ifungue, isafiri na lori jingine. Na jumla ikikaa sawa bado ekseli za nyuma zaweza kuzidi, kwa sababu mtambo umeegeshwa nyuma mno. Kuusogeza mbele kidogo ukiwa bado yadi ni kazi ya dakika chache. Kuusogeza mbele ya mizani ni kazi ya siku nzima, pamoja na faini.

Kisha kuna upana. Minyororo ya mtambo kama huo hukaribia mita 3.2, ilhali sheria yaishia 2.65, kwa hiyo kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, hakikwepeki hata uzito ukiwa mzuri. Kibali hicho ni cha mzigo usiogawanyika, na huandikwa kwa gari fulani, njia fulani na tarehe fulani. Klachi ikikufia ukaazima kichwa cha jirani, karatasi uliyo nayo ni ya gari lisilokuwepo. Pima kwa futi yako, usiamini katalogi. Kimo kipime mtambo ukiwa umeshapanda: sakafu ya lobedi mita moja, juu yake mtambo wa mita 3.4, jumla 4.4, hapo tayari unazungumza na watu wa Kenya Power kuhusu nyaya zinazovuka barabara.

Msafara ni jambo jingine. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kusindikizwa na kuzuiwa kutembea usiku si habari ngeni kwa anayekwenda Lamu, na mzigo mpana nao hutembea mchana tu. Lobedi hailingani mbio na mabasi. Mimi ningelala Garsen kwa makusudi na kuuweka usiku huo ndani ya bei, badala ya kuutumaini msafara nikiwa bado Malindi. Mvua nayo ni hivyo hivyo: Novemba 2023 mafuriko ya Tana yaliikata barabara ya Lamu eneo la Lango la Simba. Kazi ikiangukia masika au vuli, na mitambo ni kadhaa, muulize mteja kama amepata bei ya tishari, chombo cha kubeba mizigo baharini, kutoka Mombasa. Ndiyo, namaanisha umwambie akupunguzie kazi; heri hivyo kuliko kulaza mtambo wa mtu kwenye maji.

Timbo kufungwa ni lake, na hapa ndipo mkataba wako ulipokuacha mtupu. Bei ya mkupuo bila kifungu cha kusubiri humpa mteja maegesho ya bure. Piga hesabu ya siku moja ya lobedi kusimama: tuseme mkopo wa benki ni shilingi 240,000 kwa mwezi wa siku 24 za kazi, yaani 10,000, posho za dereva na turnboi 6,000, gari la eskoti la kusindikiza mzigo 12,000, mlinzi 2,000. Hiyo ni 30,000 na faida haimo. Andika kwamba saa 24 za mwanzo baada ya kuripoti langoni ni bure, baada ya hapo 30,000 kwa siku. Kwa siku za mafuriko au barabara iliyofungwa na serikali, mgawane nusu kwa nusu. Wateja wengi hulikubali hilo la mwisho, na ndilo huwafanya wakubali la kwanza.

Mali bila daftari huisha bila habari: dereva akifika apige picha ya lori langoni, aitume kwa mteja palepale na saa yake, na msimamizi wa timbo atie sahihi karatasi ya kufika.

Kwa deni la sasa, usidai siku zote. Mwandikie barua ya siku za langoni tu, uambatanishe ujumbe wowote wa simu ulioonyesha amejua umefika, na umwambie za mizani na Garsen umezibeba mwenyewe. Akiwa na mtambo mwingine wa kuhamisha, mpe bei mpya yenye kifungu cha kusubiri katika barua hiyo hiyo.