Ute wa Samaki: Kinga Niliyoiharibu kwa Mkono Wangu

Mara ya kwanza samaki wangu walipotokwa na vidoa vyeupe mithili ya punje za chumvi, niliwavua wote kwa wavu mkavu, nikawahamishia katika tangi jingine, kisha nikamimina dawa. Siku ya tatu zaidi ya nusu yao walikuwa wameelea. Nilipomshika mmoja, ngozi yake ilikwaruza. Ule utelezi unaomfanya samaki mzima aponyoke mkononi haukuwapo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilibaki kwenye nyuzi za wavu.

Ute huo nilikuwa nikiuona kama uchafu tu, kumbe ndani yake mna vimeng'enya vya kuvunja bakteria pamoja na kingamwili, nao hutolewa upya kila mara ili vimelea vinavyojaribu kung'ang'ania vichukuliwe na maji. Nyuma yake ziko seli za kinga, ambazo kwa samaki hazitokani na uboho wa mifupa kama zetu, bali huzalishwa hasa katika sehemu ya mbele ya figo. Samaki akikimbizwa kwa wavu, akibanwa katika tangi lililojaa au akikosa oksijeni, mwili wake humwaga kotisoli, homoni ambayo ikidumu huidhoofisha kinga hiyo yote. Kwa hiyo kabla dawa haijaanza kufanya kazi, mimi nilikuwa nimeshakipa kimelea ushindi.

Kimelea chenyewe kilicholeta vidoa hivyo, kiumbe cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, huupenya ute na kujificha chini ya tabaka la juu la ngozi na la matamvua, mahali ambapo dawa iliyotiwa majini haikifikii. Kikishakua hutoka, hujishikiza sakafuni na kujigawa kuwa mamia ya vitoto vinavyoogelea kutafuta samaki. Ni hivyo vitoto tu, na kile kinachotoka, ambavyo dawa huvipata. Mzunguko huo huchukua siku chache maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na wiki kadhaa yakiwa ya baridi, kwa hiyo dozi moja haitoshi. Ni lazima irudiwe kwa kufuata joto la maji.

Wale wachache walionusurika ndio walionifundisha zaidi. Miezi kadhaa baadaye nilileta vifaranga wenye ugonjwa uleule (kosa la pili, nakiri), wakaugua wao, lakini wakongwe hawakuonyesha hata kidoa kimoja. Samaki aliyepona hubaki na kingamwili ngozini zinazoshika protini za juu ya kimelea na kukilazimisha kutoka. Hata hivyo, simshauri mtu awaambukize samaki makusudi, kwa sababu kingamwili huchukua wiki kadhaa kujengeka, na zaidi ya hapo katika maji ya baridi, ilhali matamvua yaliyoshambuliwa huua mapema zaidi.

Siku hizi hulowesha mikono na wavu kabla ya kumgusa samaki yeyote, nami hutumia wavu laini usio na mafundo. Wageni hukaa peke yao wiki tatu. Nikimwona samaki akijisugua ukutani, hukwangua ute kidogo sana kwa kigae cha kioo na kuutazama kwa hadubini: kimelea hiki hujizungusha polepole, na kiini chake kimepinda mfano wa mwezi mwandamo. Nisipokiona, dawa hubaki kabatini.