Chumba cha mama kimekwamia kwenye lenta, nichukue topapu?

SWALI: Habari za kazi injinia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kibaha kwenye nyumba ya vyumba viwili niliyojenga 2014. Mama mzazi ametoka kijijini kuja kukaa na sisi, ana miaka 76 na macho yanamsumbua, nikaona niunge chumba kimoja chenye choo ndani na kistoo, mita 4 kutoka ukutani kwenda nje na mita 6 kwa urefu. Fundi akaniambia milioni 12 inamaliza kila kitu mpaka rangi. Nikakopa hiyo milioni 12 benki kwa mshahara, miaka 5, riba asilimia 17. Saivi ni mwezi wa 14 nakatwa, hela imeisha, kuta zimefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, na lenta yenyewe haijamwagwa. Fundi anataka mifuko 14 ya simenti na nondo 20 kwa ajili ya lenta, kuhusu paa anasema tutarefusha tu bati la zamani lishuke. Alafu pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani pamefunguka ufa, umenyooka toka chini mpaka juu, sarafu ya shilingi mia inaingia. Benki wananishawishi topapu, yaani waniongezee juu ya mkopo huu ufike milioni 18, au niweke hati ya nyumba nipate zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Salama mwalimu, na pole. Kwanza mimi sio injinia, ni mkadiriaji majenzi, yule wa kupiga hesabu ya jengo kabla halijaanza, ingawa wengi wananitafuta likishakwama kama lako. Nitajibu kote ila kwenye ufa kuna mahali nitakurudisha kwa injinia mwenyewe.

Usisaini topapu wiki hii. Chukua kalkuleta tukokotoe wote. Milioni 12 kwa asilimia 17 ya kupungua, yaani riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu, miezi 60, makato yako lazima yanacheza kwenye 298,000 kwa mwezi. Kama slipu yako inaonyesha karibu 370,000 basi ulipewa riba flati, ile inayohesabiwa juu ya mkopo wote kila mwaka hata kama umeshalipa nusu, na hapo utarudisha milioni 22 badala ya kama milioni 17.9, kaangalie leo leo. Tuchukulie ni ya kupungua. Miezi 14 umelipa kama milioni 4.17, ila deni limeshuka kwa milioni 2 tu hivi, bado unadaiwa karibu milioni 10, kwasababu miezi ya mwanzo hela kubwa inaenda kwenye riba. Sasa hiyo topapu ya milioni 18 wanachofanya wanafuta hiyo milioni 10 ya zamani, wewe unaondoka na kama milioni 8 kabla hawajakata bima na ada, alafu miaka mitano inaanza upya na makato yanapanda hadi kama 447,000. Yaani miezi 14 uliyoumia inarudi sifuri. Na kama mshahara wako ukikatwa hivo haubaki na ile theluthi moja, mwajiri hatapitisha, kwaiyo hata hiyo milioni 8 usianze kuipangia.

Hati iache kabatini. Sio kwamba mkopo wa hati ni mbaya wakati wote, ila kuweka rehani nyumba nzima sababu ya chumba ambacho hujui kimebakiza shilingi ngapi, mimi siwezi kumshauri mtu. Na kama una mwenzi mnaishi nae hapo, hiyo ni nyumba ya ndoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinataka aridhie, haijalishi jina kwenye hati ni lako peke yako.

Tatizo lako la msingi ni kwamba hukujua unajenga nini kwa kiasi gani. Fundi alikutajia namba ya mdomo. Na nyumba ya kuunga inadanganya sana, mtu anasema nyumba yangu ya vyumba viwili ilinigharimu kiasi fulani basi chumba kimoja kitakuwa nusu yake. Wapi! Karo, lile shimo la maji ya choo, halijui kama choo ni kimoja, linachimbwa lile lile, bomba la maji machafu linatoka mbali, gari la mchanga unalipia safari nzima hata ukibakiza nusu, msingi unaingia chini kama wa nyumba kamili, alafu unanunua simenti mifuko mitano mitano bei ya duka la mtaani. Mimi mwenyewe nilipounga jiko kwangu, nikiwa na hii taaluma yangu, nilisahau kuweka gharama ya kuhamisha chemba ya maji machafu iliyokuwa katikati ya eneo. Mke wangu anaikumbusha mpaka leo.

Tukija kwenye lenta. Kuta zako mpya ni mbili za mita 4, moja ya mita 6, na ule wa kugawa choo tuseme mita 4 nyingine, jumla mita 18. Lenta ya upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 20 ni zege kama nusu mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja mbili nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo inakula mifuko 4 ya simenti, weka 5 kwa kupotea. Nondo nne za milimita 12 kuzunguka mita 18 ni mita 72, nondo ya dukani ni mita 12, kwaiyo 6, weka 7 sababu ya maungio. Ringi za milimita 8, zile za kufunga hizo nondo nne pamoja, kila baada ya sentimita 20 zinatoka kwenye nondo 5. Jumla nondo 12. Fundi kakuandikia mifuko 14 na nondo 20. Simuiti mwizi, inawezekana kajumlisha na kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, za juu ya lenta na mambo mengine, ila muulize akutenganishie kila kitu kinaenda wapi, akiguna umepata jibu lako. Na kuanzia hapo hela ya ufundi mlipe kwa hatua iliyokamilika, lenta imemwagwa unalipa ya lenta, kozi za juu zimeisha unalipa za kozi, vifaa nunua wewe.

Hilo la kurefusha bati ndo limenifanya niandike jibu refu, maana ukimuachia utabomoa. Fikiria, mwisho wa ukuta wako wa zamani ni kama mita 3. Paa likiwa na mwinuko wa nyuzi 15 tu, ukilishusha mita 4 kwenda nje linapoteza mita 1 na sentimita 7. Ukuta wa nje wa chumba cha mama utaishia mita 1.93, wakati mlango wenyewe ni mita 2.1! Yaani bati litapita chini ya usawa wa lenta ambayo anataka kuimwaga. Mwinuko ukiwa mkali zaidi ndo kabisa. Chumba chako kinahitaji paa lake, mgongo wake uende kuingia kwenye paa la zamani, na pale yanapokutana pawekwe bati pana la bonde, mabati machache ya zamani yatafunguliwa, hiyo gharama iingie kwenye mchanganuo wa gharama. Bonde ndo mahali paa la kuunga huvujia, kwaiyo usichague bati jembamba hapo, na usifungue paa la watu wanaolala ndani ukiwa kwenye masika.

Ufa sasa. Nyumba ya 2014 imeshakaa chini, ilishashuka ilivyotaka kushuka. Huo msingi mpya ndo kwanza unaanza kubeba uzito, lazima ushuke kidogo, na kwa jinsi ufa ulivyonyooka nahisi fundi alitoboa tofali za zamani akazishikanisha na mpya, kitu kimoja kinashuka kingine kimegoma, pakaachia pale pale pa kuunga. Kibaha pia kuna maeneo yana udongo wa mfinyanzi unaovimba ukinyonya maji na kusinyaa ukikauka, kama uko juu yake ufa utakuwa unafunguka kiangazi na kujibana mvua zikija. Chukua penseli, chora mstari mfupi ukikatiza ufa sehemu tatu, chini, katikati na juu, pima upana andika na tarehe pembeni, rudia kila wiki mbili. Upana ukiwa sawa chini na juu na hauongezeki, ni maungio tu yanajitenga, hayo hatuyazibi na plasta, yanaachwa yawe maungio ya kweli, yanakatwa kwa grainda, yanajazwa sponji laini na silikoni ili kila jengo liseme lake. Ila ukiona juu panapanuka kuliko chini, au ufa mwingine wa mshazari unatokea kwenye kona ya dirisha, simamisha kila kitu hata hiyo lenta, ita injinia wa majengo aje aangalie msingi. Hata kama ni huo wa kawaida mlipe aje mara moja kabla ya lenta, maana ukitenganisha kuta, zile ncha zinataka nguzo zake, na nondo za nguzo haziwekwi kwa kukisia. Wakati huo huo maji ya paa la zamani yasidondokee hapo kwenye msingi mpya, weka gata hata ya muda.

Kibali cha ujenzi hujakitaja. Kuunga chumba nako kunahitaji kibali cha halmashauri, nenda mwenyewe kabla hawajakuwekea alama ya X ukutani.

Hela ya lenta na kozi za juu sio ya benki hiyo mwalimu, kwa vipimo hivyo inaweza kutoka kwenye SACCOS kama una akiba huko, wengi wanakopesha mara mbili au tatu ya akiba zako. Boma likiwa na lenta linaweza kukaa likisubiri, halidai riba. Paa uje nalo ukishakuwa na mchanganuo wa maandishi mkononi.

Na kabla lenta haijamwagwa pima nafasi ya mlango wa choo cha mama. Kama ni sentimita 70 mwambie fundi apanue ifike 90, na mlango ufungukie nje, mtu mzima akidondoka ndani muweze kuingia. Leo ni kutoa tofali chache tu.