Kipindi ni cha kituo, shairi ni lako

Vijana huniuliza waanzie wapi: utangazaji, utunzi wa nyimbo au ushairi? Navifanya vyote vitatu bila kuajiriwa, na jibu langu huwa haliwafurahishi: anza na ushairi, ule usiolipa. Kituo kinaweza kupangua ratiba Ijumaa, Jumatatu huna kipindi. Vikundi vya taarabu huvunjika kila siku. Mashairi yanabaki mali yako.

Ni mali kisheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hapa Tanzania Bara haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki yenyewe hutokana na kutunga; usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi wako siku mtu akidai wimbo ni wake. Jisajili tu.

Kiongozi wa kikundi cha taarabu akitaka maneno ya wimbo, usimsomee kwenye simu. Andikianeni karatasi: nani katunga maneno, nani kaweka muziki, na pesa anayotoa ni ya kurekodi tu au ananunua haki zote. Atasema, "Sisi ndugu bwana, karatasi ya nini?" Mwambie ndugu ndio hasa wanaogombania urithi.

Redioni, ukiwa wa kujitegemea, mara nyingi utanunua muda wa hewani na kutafuta wadhamini mwenyewe. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kituo kinataka chake mwanzo wa mwezi na mdhamini analipa akijisikia. Usilipie miezi mitatu kwa ahadi ya duka moja la simu. Mkataba useme pia jina la kipindi na rekodi zake ni vya nani, na kila kipindi kikiisha ondoka na nakala. Ukifikiria redio ya mtandaoni ili uwakwepe wote hao, nayo ina leseni yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Sasa kazi yenyewe. Msomaji wa kitabu akipotea hurudi juu; msikilizaji yuko kwenye daladala, hana pa kurudi. Chukua mistari hii niliyoitunga kwa ajili ya kipindi cha asubuhi:

Soko limejaa watu, samaki hawajashuka,
Wavuvi hawana kitu, nyavu zao zachanika.

Mizani, yaani silabi, ni nane kwa nane. Wanaoanza huukimbiza mstari mpaka mwisho, na "watu" inamezwa. Tua kidogo kwenye kina cha kati, hapa ni "tu", sikio lijue kipande cha kwanza kimeishia wapi, ndipo uendelee. Kibwagizo, ule mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, kibebe hoja nzima, kwa sababu aliyefungulia redio katikati atabaki na hicho tu. Na karatasi yako isiwe na mkunjo. Maikrofoni inasikia kila kitu.

Kwa wimbo napenda mwisho wa mstari uwe na "a". Mwimbaji wa taarabu ataivuta apendavyo mdomo ukiwa wazi. Mpe "u" umwone anavyobana midomo huku fidla zinamsubiri. Si kanuni, ni masikio yangu.

Tena huhitaji sauti tamu. Pale Mombasa, mashairi mengi ya malenga Ahmad Nassir yalifika vibarazani kwa sauti ya jamaa yake, mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo. Ila mitaani aghalabu hutajwa mwimbaji, mtunzi akasahauliwa. Wewe mwenye kipindi, kila ukipiga wimbo taja na aliyetunga. Haitakugharimu hata sekunde tano, na watunzi wenzako watakukumbuka wakipata kazi.

Zipo pia tungo za kuagizwa, za harusi, uzinduzi, kampeni za chanjo. Mimi hizi zimenilisha kuliko matangazo. Pokea nusu kabla ya kuandika ubeti wa kwanza, na nusu iliyobaki kabla hujapanda jukwaani. Pilau likishaliwa, mweka hazina wa kamati hapatikani hewani.