Maswali Yenu: Soketi Zinazoganda Ndani ya Lisp

SWALI: Natumia usocket, maktaba ya soketi (ncha za mawasiliano ya mtandao), kwenye SBCL, mojawapo ya programu za kuendesha Common Lisp. Programu yangu inatuma mstari mmoja kwa seva, kisha inasubiri jibu kwa read-line. Inaganda hapo hapo bila kutoa kosa. Seva yenyewe ni nzima.

JIBU: Huenda ujumbe wako haujaondoka. Mkondo unaopewa na socket-stream una bafa (hifadhi ya muda ya data), na unachoandika kwa format hukaa humo mpaka bafa ijae au uisukume mwenyewe. Seva inakungoja wewe, nawe unaingoja seva. Weka (force-output mkondo) kila unapomaliza ujumbe, kabla ya kusoma.

Ikigoma bado, tazama mwisho wa mstari. Itifaki nyingi, HTTP ikiwamo, hutaka herufi mbili za mwisho wa mstari, CR (carriage return) na LF (line feed), ilhali ~% ya format hutoa LF peke yake. Andika #\Return kisha #\Linefeed. Unaposoma, CR hubaki imeng'ang'ania mwishoni na string= inakataa maneno ambayo kwa macho ni yale yale. Ikate:

(string-right-trim '(#\Return) mstari)

Usisome bila kikomo cha muda. Tanguliza (usocket:wait-for-input soketi :timeout 5 :ready-only t). Muda ni kwa sekunde. Ukisahau :ready-only t, utarudishiwa soketi ile ile hata kama hakuna kilichofika, nawe utakwenda kuganda kwenye read-line kama mwanzo.

SWALI: Majaribio yangu huwasha seva kwenye poti 8080. Yakirudiwa hutoa address-in-use-error. Nimeweka (sleep 1) kabla ya mteja kuunganisha, lakini mara nyingine napata connection-refused-error.

JIBU: Futa vyote viwili, namba ya poti na sleep. Ukiomba poti 0, mfumo endeshi utakuchagulia iliyo wazi, nawe unaiuliza kwa get-local-port:

(usocket:with-socket-listener (seva "127.0.0.1" 0)
  (let ((poti (usocket:get-local-port seva)))
    (usocket:with-client-socket (a mkondo "127.0.0.1" poti)
      (usocket:with-connected-socket (b (usocket:socket-accept seva))
        (format mkondo "habari~%")
        (force-output mkondo)
        (assert (string= "habari"
                         (read-line (usocket:socket-stream b))))))))

Hakuna thredi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu) hata moja hapo. Soketi ikishaanza kusikiliza, mfumo endeshi hupokea miunganisho na kuipanga foleni kabla hujaita socket-accept. Kwa hiyo sleep haina kazi: kinachotakiwa ni kusikiliza kutangulie kuunganisha. Thredi utazihitaji ukituma data nyingi, maana bafa zikijaa bila msomaji, mwandishi naye husimama.

Ukilazimika kubaki na 8080, :reuse-address t hukuvusha pale muunganisho wa zamani uko TIME_WAIT (umefungwa, lakini mfumo endeshi bado unaushikilia kwa muda). Haikusaidii kama seva ya jana bado iko wazi ndani ya REPL yako (dirisha la kuandikia amri za Lisp). Hiyo ni ya kufungwa kwa socket-close.

SWALI: Majaribio ya usocket yenyewe huendeshwaje?

JIBU: Ipakie kwa Quicklisp (chombo cha kupakua maktaba za Lisp), kisha (asdf:test-system "usocket"). Mengine huunganisha na seva za nje, kwa hiyo bila intaneti yatashindwa hata kama maktaba haina kasoro.